Kiraka Mahali pa Uso

Mimi sina dogo. Niliseme mapema, kabla mume wangu hajalisema, maana yeye hulisema mbele ya wageni, nami humkatalia kwa sauti kubwa kiasi kwamba wageni huishia kumwamini yeye. Hasira zangu huja haraka na huwa lazima zimwangukie mtu. Miaka ile ya mwisho ya tisini, Gisenyi, zilimwangukia mtu ambaye sikuwahi kumwona kwa macho, na hakustahili hata chembe.

Nilikuwa karani katika ofisi ya mradi wa mbegu za viazi. Wenzangu walikwea asubuhi kwenda milimani, Mudende na Bugeshi, na magunia ya mbegu, wakarudi jioni na matope hadi magotini. Mimi nilibaki na simu, makabati na, kuanzia msimu ule wa mvua, kompyuta yenye intaneti. Nilizaliwa na kukulia Tanzania, upande wa Kagera, katika familia ya wakimbizi, tukarudi Rwanda baada ya vita, na Kiswahili changu kiliwachekesha watu wa pale. "We unasema kama redio," waliniambia, nami nilikuwa nalichukua kama sifa.

Fundi aliyetoka Kigali kuifunga ile mashine alikaa asubuhi moja tu. Alinionyesha jinsi ya kupiga simu kwa kompyuta, modemu ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, akanionyesha jinsi ya kutuma barua pepe na kufungua kurasa, kisha akafunga mkoba wake na kusema, "Bonyeza nilivyokuonyesha. Vingine usiguse." Na mimi, ambaye sipendi kuamrishwa hata na mama mkwe, amri hiyo niliishika kama sala. Niliiogopa mashine. Nilijua nikiiharibu hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Kurasa zilikuja polepole, maneno yakitangulia. Katikati ya maneno kulikuwa na visanduku vitupu vyenye mstari mwembamba pembeni, na katika kona ya kila kisanduku kulikuwa na maumbo matatu madogo ya rangi: duara, pembetatu na mraba. Niliviita viraka. Hakuna aliyenieleza ni nini, basi nikajieleza mwenyewe. Nilisema pale ndipo mahali pa picha, na kwamba picha ni nzito, kwa hiyo hufika nyuma ya maneno, siku nyingine, kama mizigo inavyofika nyuma ya abiria. Nani angenibishia? Pale ofisini mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu. Nilimweleza bosi, nikawaeleza wenzangu wa shambani, nikamweleza hadi mwalimu mmoja aliyepita kuuliza bei ya mbegu, na wote waliitikia kwa vichwa. Kwa miezi kadhaa hakuna picha hata moja iliyofika, na mimi sikuona ajabu. Barua pia zilikuwa hazifiki. Barabara zilikuwa hazipitiki. Tulishazoea vitu kutofika.

Jumatano moja, saa sita hivi, alikuja mama mmoja mtu mzima. Alikuwa wa moja ya zile familia za Kiislamu za mjini, za wafanyabiashara, nusu wako Gisenyi na nusu Goma, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Alivaa kitenge kipya na mtandio uliopigwa pasi, na macho yake alikuwa ameyapaka wanja kwa ustadi, mstari mwembamba uliolala sawasawa juu ya kope. Alinipa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Binti yangu," alisema, "mi naambiwa kwako iko ile mashine. Mutoto wangu wa Ubelgiji ameweka picha ya kaka yake ndani. Nimekuya kumuona."

Nilimketisha, akanieleza habari yake bila haraka. Alizaa watoto wawili wa kiume. Mkubwa alikuwa dereva, akibeba abiria kati ya mpaka na mji. Mwaka ule wa kukimbia vita, walipovuka na umati kwenda Goma, walipotezana, na kipindupindu kikamchukua huko. Alizikwa na watu wasiomjua, pamoja na wengine wengi, na mama yake akapata habari baada ya wiki mbili. Aliporudi Gisenyi alikuta nyumba haina mlango, wala kitanda, wala picha hata moja. Yule mdogo, aliyekuwa Ubelgiji tangu zamani, alikuwa na picha moja ya kaka yake, moja tu. Alitengeneza nakala, akampa msafiri, na msafiri akaishia Nairobi na bahasha yake. Basi akaona aiweke kwenye intaneti, ambako hakuna wa kuipoteza. Anwani aliisoma kwa simu, binamu yake wa Goma akaiandika kwenye ile karatasi.

"Na kwa nini una haraka, Mama?" nilimuuliza, maana nilimwona anavyokiangalia kioo cha kompyuta.

"Macho yangu inaisha," alisema, kama mtu anayesema sukari imeisha. "Daktari asema ni mutoto wa jicho, yote mbili, na ugonjwa wa sukari iko ndani, hawataki kupasua sasa. Uso wake nimeanza kuusahau, binti. Unanisikia? Usiku natafuta pua yake, siioni. Mbele ya macho kuisha, niko nataka nimuone mara moja. Mara moja tu, basi."

Niliandika ile anwani herufi kwa herufi. Ukurasa ulifunguka. Juu paliandikwa kwa Kiswahili: *Kaka yangu mkubwa, siku aliponunua gari lake.* Chini yake kulikuwa na kiraka, kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuona.

Nilimsomea maneno. Alipiga makofi mawili, akacheka. "Siku ile mi ndiye nilimupigia pasi shati! Nyeupe! Alisema, mama, unaniunguza shingo." Kisha akainama karibu na kioo. Macho yake bado yalikuwa na nguvu kidogo siku ile, kwani aliweka kidole chake kwenye kona ya kiraka, pale pale penye yale maumbo matatu. "Na hivi vitu vidogo vya rangi ni nini?"

"Mapambo tu, Mama," nilisema. "Picha haijafika. Rudi Jumatano."

Nakumbuka jinsi nilivyolisema. Nililisema kwa kujiamini, nikiwa tayari nimeshika faili jingine mkononi.

Alirudi Jumatano, na kiraka kilikuwa pale pale. Akarudi tena. Kila alipokuja alikuwa amevaa vizuri na kupaka wanja, na siku moja nilimtania, nikamuuliza kama anakwenda harusini. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu hunawa kabla ya kula. "Nakwenda kuona mutoto wangu," alisema. "Nitakwenda na macho tupu?"

Wiki ya tatu wanja wa jicho la kushoto ulipanda juu ya kope ukaenda kuelekea kwenye nyusi. Wiki ya nne ulivuka pua kidogo. Hakuna aliyemwambia nyumbani kwake, au walimwambia akakataa kusaidiwa. Mimi niliona na moyo ukaniuma, kisha, kama ilivyo desturi yangu, uchungu ukageuka hasira, na hasira ikatafuta mtu. Ilimpata yule kijana wa Ubelgiji.

Anwani yake ya barua pepe ilikuwa chini ya ukurasa. Nilimwandikia kwamba picha yake haionekani, airekebishe. Alijibu siku ya pili kwa adabu kabisa: *Dada, asante kwa kumsaidia mama. Hapa kwangu inaonekana vizuri. Nitaiweka upya.* Akaiweka upya. Kiraka. Akaandika kwamba ameipunguza ukubwa, labda laini yetu ni dhaifu. Kiraka. Akaomba rafiki yake wa chuoni amsaidie, wakahangaika nayo Jumamosi nzima, rafiki naye akaiona vizuri kwenye kompyuta yake. Kwetu, kiraka.

Hapo nilipandwa na mori. Kwake inaonekana! Kila mara anasema kwake inaonekana, utadhani ni yeye anayepofuka! Niliketi nikaandika barua ambayo hadi leo naikumbuka, ingawa ningelipa mtu anisahaulishe. Nilimwambia kwamba watu wa Ulaya mkishashiba mnasahau mlikotoka. Nilimwambia mama yake anapaka wanja kwa kupapasa. Nilimwambia kama kazi ya kuweka picha moja inamshinda, basi asiseme ana mama, aseme alikuwa na mama. Nikaituma bila kuisoma mara ya pili.

Jibu lilichelewa wiki nzima. Lilikuwa fupi. *Dada, sijui nakosea wapi. Ninajaribu kila usiku baada ya kazi. Tafadhali usimwambie mama kwamba mimi ndiye ninayeshindwa.*

Jamani. Mtu mwingine angeona hapo kwamba kijana huyu hana kosa. Mimi nilisema, "Angalau amekiri."

Wiki ya saba, siku ya Jumatatu, alikuja mkaguzi wa hesabu kutoka Kigali, dada mmoja aliyekulia Uganda, mwenye viatu virefu na haraka nyingi. Aliomba kompyuta atazame habari kidogo. Nilimfungulia, nikasimama nyuma yake, tayari kumweleza juu ya maneno yanayotangulia na picha zinazofuata. Sikupata nafasi. Alikitazama kioo na kukunja uso.

"Mbona mmezima picha?" aliuliza.

"Hatujazima. Bado hazijafika."

Akageuka akanitazama, akadhani ninatania. Kisha akapeleka kishale juu ya kioo, kwenye safu ya vitufe, kwenye kitufe ambacho nilikuwa nimekiona kila siku tangu siku ya kwanza na sijawahi kukigusa, kwa sababu fundi alisema vingine nisiguse. Kilikuwa na duara, pembetatu na mraba. Alikibonyeza. Na ule ukurasa uliojaa viraka ukaanza kujaa watu: mwanamke amebeba kikapu, wachezaji wa mpira wamekumbatiana, waziri fulani amekaza tai.

"Mafundi huzizima makusudi ili laini iwe nyepesi," alisema dada yule. "Hawakukuambia? Ukitaka kuona, unabonyeza hapa. Ukitaka zije zenyewe siku zote, unabadilisha huku ndani." Akabadilisha huku ndani. Kazi yote haikufika dakika moja.

Picha ya yule dereva ilikuwa pale tangu Jumatano ya kwanza. Ilikuwa inangoja kubonyezwa. Maumbo matatu yaliyokuwa kwenye kitufe ndiyo yale yale yaliyokuwa kwenye kona ya kiraka, na mama wa watu, kwa macho yake yanayoisha, aliyaona na kuyauliza, nami nikamwambia ni mapambo. Nililia pale pale mbele ya mkaguzi. Maskini, alidhani ameniletea matatizo ya hesabu, akaanza kunituliza kwamba vitabu vyetu viko safi.

Sikungoja Jumatano. Niliomba ruhusa, nikaenda kwa miguu hadi mtaa wa mafundi cherehani nyuma ya soko, alikokuwa akiishi yule mama, nikauliza, nikaonyeshwa. Nilimkuta ameketi barazani amegeuza uso kuelekea barabarani, na nilipomsalimu aligeuka upande ambao sikuwapo.

"Mama, imefika," nilisema.

Alisimama mara moja. Aliingia ndani, akatoka na kitenge kile na kichupa cha wanja, na kwa mara ya kwanza akaninyooshea. "Nipake," alisema. "Mikono yangu leo inatetemeka." Haikuwa mikono, na sote wawili tulijua. Nilimpaka. Sijawahi kufanya kitu kwa uangalifu kama ule, hata siku ya harusi yangu mwenyewe. Tukaondoka nimemshika mkono, nikimwambia hapa kuna jiwe, hapa kuna mfereji.

Ofisini nilimketisha kwenye kiti changu. Modemu ikalia. Ukurasa ukafunguka, yale maneno yakaja kwanza, kisha picha ikaanza kushuka kutoka juu, mstari kwa mstari, polepole mno, kama mtu anayefunuliwa shuka. Kwanza kipande cha anga, kisha ukingo wa paa la gari. Kisha nywele, fupi.

Mama alikuwa amekisogelea kioo hadi pumzi yake ikakitia ukungu. Nikamtazama. Alikuwa anatazama pembeni, mahali ambapo mwanga wa dirisha uligonga ukingo wa kioo.

"Mama, unamwona?"

"Naona mwangaza," alisema. "Sasa naona kitu nyeupe. Chini."

"Ni shati."

"Kola imekaa sawa?"

"Imekaa sawa, Mama. Haina hata kunyanzi."

"Eeh. Nilipiga mimi." Alitabasamu, kisha tabasamu likatoweka. "Uso uko wapi, binti? Niweke mukono."

Nilichukua kidole chake, kile kile, nikakiweka kwenye paji la uso la mwanawe. Vile vioo vya zamani vilikuwa na umeme wake mdogo. Vilitatarika chini ya kidole na kusimamisha vinyweleo vya mkono. Alishtuka, lakini hakuondoa.

"Sema," aliniambia. "Sema yote. Usiruke."

Nikasema. Nilimwambia paji ni pana. Nilimwambia nyusi zimekaribia kukutana, na ya kulia ina alama ndogo, kama kovu. "Alianguka kwenye ngazi ya mwalimu wa madrasa," alisema. Nilimwambia macho yamefinywa kwa ajili ya jua. Nilipofika puani alikaza kidole kwenye kioo, nikajitahidi jinsi nilivyoweza: si ndefu, mwisho wake umeviringika, tundu moja limepanuka kuliko jingine kwa sababu anakaribia kucheka.

"Ya upande gani?"

"Wa kushoto, Mama."

Alivuta pumzi ndefu. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo yeye. Kumbe pua iko namna ile." Machozi yakashuka yakachukua na wanja wangu wote, mistari miwili myeusi hadi kidevuni. Hakuyafuta.

Nilijua ningeweza kunyamaza. Angekwenda nyumbani akiamini kwamba picha ilichelewa njiani kama bahasha ya Nairobi. Lakini nilikuwa nimemtukana mtoto wake kwa kosa langu, na hilo lilikuwa limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikapiga magoti chini pale kando ya kiti, nikamweleza yote: kitufe, fundi, mapambo, barua nilizoandika. Sikujitetea. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na mtu wa kumwangushia lawama.

Alisikiliza mkono wake ukiwa bado juu ya kioo.

"Jumatano ile ya kwanza," alisema, "ningemuona?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ile ya pili?"

"Ndiyo. Hadi ya tatu, nadhani."

Nje mtu alikuwa anashusha magunia, yakianguka moja baada ya jingine. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, ingenipunguzia uzito. Badala yake alipapasa hewani hadi akakipata kichwa changu, akakishika kwa nguvu, si kwa upole wala kwa ukali, kama anavyoshikwa mtoto anayenyolewa asitikisike.

"Bon, basi," alisema. "Yule mwingine bado iko hai. Muandikie. Mwambie mama amemuona kaka yake. Mwambie amemuona muzuri, na shati, na pua, na yote."

"Mama..."

"Andika, binti. Usiku halali, yule. Namujua."

Niliketi kwenye kiti cha wageni nikavuta kibodi. Niliandika kwanza kuomba msamaha, kwamba kosa lilikuwa la mashine yetu na la mikono yangu, na kwamba yeye hakuwahi kukosea hata siku moja. Kisha nikaandika alivyoniambia: *Leo mama amemwona kaka yako. Amemwona vizuri.* Alitaka nimsomee. Nikamsomea. Akaniambia nitume.

Jibu nililikuta kesho yake asubuhi, lilikuwa limeandikwa usiku wa manane wa kwao. Halikugusia matusi yangu. *Asante sana dada. Sasa nitalala. Nilikuwa naogopa tumechelewa.*

Jumatano alikuja, ameshikwa mkono na jirani yake, nikamsomea barua hiyo mara mbili. Kisha nikafungua ukurasa, nikachukua kidole chake, nikaanza kumsomea uso kuanzia nyweleni.